Chupa ya Mama na Mkanda wa Ukaguzi

(Hotuba niliyoitoa kwa kina mama wafanyabiashara wanaojiandaa kwa safari za mizigo, Kariakoo, Dar es Salaam. Nimeiandika kama nilivyoisema, nimepunguza marudio tu.)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Mama zangu, shikamooni. Dada zangu na wadogo zangu, habari za jioni.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie safari, na naona wengi mmekuja na madaftari mkitaka bei za Guangzhou kule China na maduka ya Deira kule Dubai. Hayo tutayazungumza siku nyingine. Leo nataka tukae uwanja wa ndege tu, pale baina ya mlango wa kuingilia na mlango wa ndege, kwa sababu hapo ndipo nilipoona watu wazima wakilia.

Nianze na mama yangu mzazi. Mwaka 2011 nilimsindikiza Muscat. Mdogo wake aliolewa huko zamani, na binti wa huyo mdogo wake alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Mama akasema haendi mikono mitupu kwa mzazi. Akanunua nazi 20, akazikuna mwenyewe kwa mbuzi, akachuja tui, akalichemsha kwa moto mdogo wa kuni kutwa nzima mpaka mafuta yakajitenga. Mafuta ya kumkandia mzazi na kumpaka mtoto, mnayajua. Akayatia kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, akafunika mdomo kwa nailoni, akakaza kizibo, akafunga mpira, kisha akaizungushia kanga mpya. Akaiweka kwenye begi la mkononi, kwani alisikia mabegi ya chini hurushwa na aliogopa chupa itapasuka.

Tulipofika kwenye mkanda, kijana wa ukaguzi akaitoa chupa, akaifungua ile kanga, akasema, "Mama, kimiminika hakiruhusiwi." Mama akamjibu, "Si kimiminika, mwanangu. Ni mafuta ya mzazi." Kijana akaitumbukiza kwenye pipa. Nilisikia ilivyotua juu ya chupa za wenzie. Kanga akamrudishia. Mama akaikunja mara nne, akaishika mkononi hivyo hivyo mpaka Muscat. Hakuzungumza na mtu ndani ya ndege.

Sasa sikilizeni kinachoniuma mpaka leo. Nusu saa kabla ya hapo alikuwa amekabidhi begi lake kubwa kaunta, na begi lile lilikuwa limebakiza nafasi ya kilo 9. Chupa ile ile, kanga ile ile, ingekaa humo na kufika salama. Kaunta hawakumwambia. Yule kijana hakumwambia. Na mimi mwanawe, niliyekuwa nimeshasafiri mara tano, sikuwa nimefungua begi la mama yangu kulitazama.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza sababu. Kila nikivuliwa kitu, nauliza kwa adabu: kwa nini? Na nimegundua kwamba karibu kila amri ya uwanja wa ndege ina siku yake nyuma.

Hii ya majimaji siku yake ni 10 Agosti 2006. Polisi wa Uingereza walitangaza wamekamata watu waliokuwa wakipanga kulipua ndege za kutoka London kwenda Marekani na Canada, kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Novemba ya mwaka huo Ulaya ikaweka kiwango, na dunia ikakifuata: chombo kisizidi mililita 100, na vyombo vyako vyote vienee kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha, wa lita 1. Shikeni neno "chombo". Ukiwa na chupa ya losheni ya mililita 250 iliyobaki robo, itachukuliwa, kwa kuwa wanasoma kilichoandikwa kwenye chupa. Viwanja vingine vimepata mashine mpya na vimeanza kulegeza, lakini msafiri wa viwanja vitatu hupimwa kwa kile kilicho kikali kuliko vyote, kwa hiyo pakia kwa kiwango kile cha zamani. Maziwa ya mtoto na dawa unayoihitaji njiani vina ruhusa yake; vitoe mwenyewe uvionyeshe kabla mashine haijavionyesha. Na huo mfuko wa plastiki msiuogope. Tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, huu wa majimaji ya abiria uliachwa.

Viatu navyo? Desemba 2001 mtu mmoja alijaribu kuwasha bomu lililokuwa ndani ya kiatu chake, ndege ikiwa angani kutoka Paris kwenda Miami. Mashine za kusimama na kuinua mikono zilienea sana baada ya Krismasi ya 2009, pale kijana aliyekuwa kwenye ndege ya kutoka Amsterdam kwenda Detroit alipoficha kilipuzi kwenye nguo ya ndani. Sisemi haya ili mwogope kupanda ndege. Nasema ili dada yangu ukivuliwa viatu usidhani wameiona sura yako wakakudharau.

Kwenye skrini ya mkaguzi, chuma hutoka rangi ya buluu, na vitu vyenye asili ya mimea na wanyama, pamoja na plastiki, hutoka rangi ya chungwa. Unga wa muhogo ni chungwa. Sabuni ni chungwa. Tende, asali, halua ya Zanzibar, vyote chungwa. Na vilipuzi vingi navyo, chungwa. Sasa weka kilo 2 za halua iliyokandamizwa kwenye kopo, iliyo nzito na isiyopitisha mwanga, halafu ukae wewe kwenye kiti cha yule kijana. Ungeipitisha? Lazima aifungue. Kwa hiyo halua, ubuyu na unga viweke juu ya nguo, visikae chini kabisa, uweze kuvitoa bila kumwaga chupi zako mbele ya foleni. Samahani baba zetu mliopo, lakini hili limewakuta wengi humu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningekuwa na dakika tano tu leo, ningelisema hilo peke yake.

Kaunta utaulizwa: begi hili umelipakia mwenyewe? Kuna mtu amekupa kitu umpelekee? Tunajibu haraka haraka "ndiyo, hapana" huku macho yako kwenye simu. Tarehe 21 Desemba 1988 ndege ya Pan Am ilipasuka juu ya mji wa Lockerbie, Scotland. Walikufa watu 270, na 11 kati yao walikuwa chini, majumbani mwao. Bomu lilikuwa ndani ya redio kaseti, redio ndani ya sanduku, na sanduku lile halikuwa na abiria ndani ya ndege. Ndiyo maana hadi leo mtu akikabidhi begi halafu asipande, ndege inasimamishwa na begi linatafutwa na kushushwa. Nanyi mnakaa kwenye viti mnalalamika kuchelewa.

Begi lina mwenyewe. Hiyo ndiyo kanuni. Na jina lililo kwenye kibandiko ndilo jina litakaloulizwa.

Desemba 2018 binti mmoja wa Kinigeria, mwanafunzi wa chuo kikuu, alisafiri na mama yake kutoka Kano kwenda Umra. Akiwa Saudi Arabia akakamatwa. Lilikuwa limefika begi lenye vidonge vya tramadol, dawa kali ya maumivu, na kibandiko kilikuwa na jina lake. Begi si lake, hajawahi kuliona. Nchi ile msafirishaji wa dawa za kulevya huweza kuhukumiwa kifo. Ikabainika baadaye kwamba kuna watu kwenye uwanja wa Kano waliobandika majina ya abiria kwenye mabegi yasiyo yao. Serikali yao ikahangaika, na yule binti akaachiwa mwishoni mwa Aprili 2019. Miezi minne! Mtoto aliyeondoka nyumbani kwenda kuomba dua.

Kwa hiyo mimi nafanya hivi. Begi likiwa juu ya mizani kaunta, nalipiga picha, na namba ya kilo ionekane. Nikikabidhi mabegi mawili, nahesabu vipande vya vibandiko nilivyopewa: viwili. Vikiwa vitatu siondoki pale. Vipande hivyo sivitupi mpaka niko nyumbani na begi liko wazi sakafuni.

Na kifurushi cha mtu? Hapa najua pagumu. Sisi watu wa pwani, na nadhani watu wa bara pia, mtu akisafiri mtaa mzima unajua. Shangazi analeta dagaa, jirani analeta sabuni na mchele wa Mbeya, mama mkwe analeta kitu kimeshonwa kabisa kwa uzi. Kumkatalia mkubwa ni fedheha. Mimi sikatai kubeba. Nakataa kubeba nisichokiona. Namkaribisha mtu chai, tunakaa, nasema, "Shangazi, naomba tufungue pamoja, nipange vizuri visimwagike." Nafungua mbele yake. Ndala nazikunja nione soli. Paketi ya viungo iliyofunguliwa na kubandikwa upya siichukui, namwambia nitanunua nyingine nzima kwa hela yangu. Waliokasirika ni wawili katika miaka yote hii, na mmoja wao hajanisalimia mpaka leo. Nimekubali. Mnazikumbuka barua za Watanzania waliofungwa Hong Kong kwa dawa za kulevya, alizozisambaza yule padri aliyekuwa akiwatembelea gerezani? Walikuwa wanawasihi vijana wa nyumbani wasifuate njia yao. Wenzetu wale walikuwa wanazeekea kule.

Dawa zako mwenyewe nazo ziangalie. Kidonge ulichopewa hospitali hapa kwa maumivu ya mgongo kinaweza kuwa kosa la jinai penye mpaka wa mwenzio. Emirati, tramadol na dawa zenye kodeini zinadhibitiwa vikali, na kibali huombwa kwa mamlaka yao kabla ya safari. Mwaka 2017 Mwingereza mmoja aliingia Misri na vidonge 290 vya tramadol, akisema anampelekea mpenzi wake mwenye maumivu ya mgongo. Akahukumiwa miaka mitatu. Beba dawa ndani ya boksi lake, lenye jina lako, na karatasi ya daktari. Usimimine vidonge kwenye kikopo cha losheni kwa kuokoa nafasi.

Pawa benki ziwe begi la mkononi, zisiende chini. Betri za namna ile zikishika moto kwenye chumba cha mizigo hakuna wa kuuona moshi wake mapema. Januari 2025 ndege moja iliungua Korea Kusini kabla haijaruka, na pawa benki ndiyo iliyoshukiwa. Kikomo ni wati-saa 100. Ile ya mAh 20,000 ni kama 74, inapita. Ukiwa na katoni ya kuuza, hiyo ni mizigo ya kagoo, usijaribu kuigawa kwenye mabegi ya wenzio.

Tuje kwenye forodha.

Mwaka 2013 nilirudi na magauni 48. Saizi nne, rangi mbili. Nikapita mlango wa kijani, ule wa wasio na cha kutangaza. Uwanja sitautaja. Ofisa akaniuliza, "Haya yote ya kwako?" Nikasema zawadi za ndugu. Hakubishana nami. Akaanza kuyapanga mezani kwa saizi, moja juu ya jingine, mafungu manne yaliyolingana, kama duka. Mimi nimesimama namtazama. Halafu akaja mwingine akaniita pembeni, akasema tutaelewana. Nikatoa dola nilizokuwa nazo. Nikaondoka na magauni 30. Yale 18 sikupewa karatasi wala risiti. Wiki iliyofuata nikarudi kudai, nikaulizwa: karatasi yako iko wapi?

Sikuwa na la kusema. Niliibiwa, na mwizi nilimfungulia mlango mimi, kwa neno "zawadi".

Mlango wa kijani ni kauli. Ukiupita umeshasema sina kitu, hata kama hujafungua mdomo. Mwenye bidhaa apite mwekundu, atoe ankara ya dukani, ile ya kweli, maana hata muuzaji akikuandikia bei ya chini kwa kukufurahisha, forodha wana bei zao. Watakukadiria, utapewa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, utalipa benki au kwa simu, utachukua risiti. Ukilipa bila kontroo namba hujalipa. Na wakizuia kitu, omba karatasi yenye orodha ya kilichozuiliwa, tarehe na jina la ofisa. Omba kwa sauti ya kawaida. Mtu aliyesema ukweli mlangoni ana ubavu wa kuomba. Niulizeni mimi niliyeukosa.

Viwango vya abiria ulizeni upya kila mwaka. Mnakumbuka Novemba 2023 jirani zetu Wakenya walivyochachamaa, mamlaka yao ya mapato ilipowakumbusha kuwa vitu vya kuanzia dola 500 vitatozwa kodi. Sheria ilikuwepo siku zote, ni sheria yetu sote ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Watu hawakuwa wakiijua, basi.

Fedha taslimu: dola 10,000 au zaidi, tangaza, hapa na nchi nyingi. China ni dola 5,000. Kutangaza si kulipa. Unajaza fomu, unagongewa, unaendelea. Nimeona mama anayetetemeka na dola alizozishona kwenye gagulo, fedha zake halali za miaka sita, akiwa katika hatari ya kuzipoteza zote kwa kukosa karatasi moja ya bure.

Na wenye watoto Ulaya mnaowapelekea maembe, jamani, embe halipiti bila cheti cha afya ya mimea. Ndizi inapita, nanasi linapita, nazi inapita. Hata dagaa wako mpaka kilo 20. Nyama na maziwa hapana. Nilidhani ni ukatili mpaka nilipoelezwa habari ya nzi wa matunda. Nzi yule mgeni kutoka Asia aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, akaenea kwetu na sehemu kubwa ya Afrika, na leo mkulima wa Muheza anafungua embe zuri anakuta funza. Aliingia kwetu kutoka ng'ambo, na sisi ndio tunaotupa matunda. Kwa hiyo ofisa akilichukua embe la bibi, anafanya kazi ambayo natamani mtu angeifanya kwetu kabla ya 2003.

Naona wameketi pale nyuma vijana wawili wa ukaguzi wa uwanja, mmekuja na dada yenu. Karibuni sana. Wanangu, najua kazi yenu. Ulaya sheria haimruhusu mkaguzi kuikodolea skrini zaidi ya dakika 20 mfululizo, maana macho huchoka na akili hulala. Najua mnasimama, mnatukanwa, na mkikosea mara moja ni roho za watu. Nawaheshimu. Lakini naomba jambo moja. Mkichukua kitu cha mtu, semeni sababu, kwa Kiswahili. "Mama, chupa kubwa hazipiti hapa kwa sababu watu waliwahi kuficha vilipuzi kwenye chupa. Begi lako la chini bado lipo? Una mtu wa kumrudishia?" Sekunde 10. Na wa kaunta, kabla hamjalivuta begi kwenye mkanda, muulizeni mzee: kuna mafuta, asali, samli kwenye begi la mkononi? Pale bado panarekebishika. Kule mbele hapana.

Nanyi kina mama, kupekuliwa mwilini kuna utaratibu. Sheria ile ile ya forodha ya Afrika Mashariki inasema mwanamke apekuliwe na mwanamke. Ukitakiwa kuvua mtandio, omba chumba cha faragha na ofisa wa kike. Usivue hadharani kwa woga, wala usigombe. Sema hivi: "Nipo tayari kukaguliwa, naomba mwanamke mwenzangu na faragha." Mimi nimelisema katika nchi nne, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza changu cha dukani, na mara zote nimepelekwa pembeni.

Mama yangu alirudi Muscat mwaka 2014. Akachemsha mafuta mengine. Safari hii tuliyatia kwenye vidumu viwili, tukavifunga kwa mifuko miwili miwili, tukavizungushia mashuka katikati ya begi kubwa. Tukiwa foleni ya kaunta, mbele yetu kulikuwa na bibi wa Kipemba mwenye kapu, na kwenye kapu kopo la samli. Mama akamgusa bega. Hawajuani. Akamwambia, "Dada, hiyo samli yako itie begi la chini sasa hivi, ukifika kule mbele wataitupa, kuna watu waliharibu kwa chupa." Wakachutama wote wawili palepale sakafuni, wakafungua begi la yule bibi, foleni ikiwapita.

Wanaosafiri Jumanne, njooni kwangu Jumapili baada ya saa kumi. Leteni mabegi matupu na vitu vyenu vyote, pamoja na vya watu. Mizani ninayo, mikeka ninayo, na mama atakuwepo.

Ahsanteni sana.